Hitima ya Mahfudha na Filamu Yangu ya Tatu

Jumatatu, 6 Oktoba

Nicodemus kapiga simu kutoka Mombasa. Ndiye mwongozaji wa filamu zangu zote tatu, na hana adabu ya kuanza na salamu. Kasema filamu mpya itaonyeshwa hapa Amu Alhamisi, saa kumi alasiri, kwenye ukumbi wa harusi. Viti mia mbili. Watazamaji wasipofika mia, kwenye filamu ya nne nafasi ya baba mtu itachezwa na Fadhil, si mimi.

Fadhil! Katika hii kacheza mwenye punda. Kapewa sentensi moja, na hiyo moja kaikosea.

Nikakaa nikayapima maisha yangu ya sanaa. Filamu ya kwanza, nilipokuwa baba wa bi harusi: watu mia mbili na kumi na wanne, wengine wamesimama. Ya pili, nilipokuwa tajiri dhalimu: tisini na saba. Sababu ni mvua. Sasa nacheza mzee kipofu. Mzee kipofu huwaliza watu. Mia haiwezi kunishinda.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimebandika matangazo arobaini, Langoni mpaka Mkomani. Gundi nimepika mwenyewe kwa unga wa ngano. Marehemu mke wangu Mahfudha alikuwa akitia chumvi kidogo, sikumbuki kwa nini. Mimi nikatia sukari, ishike vizuri.

Kufika adhuhuri punda wameyala. Yote! Limebaki moja tu, kwa kinyozi, nalo nusu. Upande wangu umeliwa. Upande wa Fadhil upo, anacheka.

Fadhil mwenyewe kapita, kanipa pole. Namjua. Ile si pole.

Alasiri kapiga binti yangu Huwaida, aliyeolewa Mokowe. Kaniuliza kama majirani wana habari ya Alhamisi. Nikamwambia nimeshabandika matangazo. Akauliza, matangazo ya nini? Kumbe yeye asema hitima ya mama yake! Alhamisi mwaka unatimia tangu Mahfudha atutoke. Baada ya swala ya alasiri, nyumbani kwetu Wiyoni. Wanawake sitini wamealikwa.

Sikuwa nimesahau. Sikuwa nimekumbuka tu.

Jumatano, 8 Oktoba

Baada ya swala ya asubuhi nimekaa upande wake wa kitanda, nikalia mpaka kifua kikauma. Mwaka mzima! Bado naweka vikombe viwili vya chai, kisha nanywa vyote.

Kwenye kulia huko huko likanijia wazo. Wanawake sitini!

Pilau isiliwe nyumbani. Iliwe ukumbini. Hitima ikikaribia kwisha nitasema, kwa huzuni, kwamba nyumba ni ndogo, tafadhalini tufuatane. Wakishaketi na sahani, taa zitazimwa na mzee kipofu atatokea. Sitini hao, na arobaini wa barabarani: mia kamili! Mahfudha mwenyewe angefurahi. Alipenda watu washibe.

Huwaida kafika na boti ya jioni, kabeba viungo na mchele. Kanikumbatia. Kasema nimekonda. Mpango wangu wa ukumbini sikumwambia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Naandika kwa ufupi.

Saa kumi kasorobo. Wanawake wako ukumbi wa ndani wa nyumba yetu, wanasoma juzuu zao. Huwaida kakaa nao. Jikoni hakuna mtu. Nikapakia sufuria tatu za pilau kwenye mkokoteni, nikasukuma mwenyewe mpaka ukumbi wa harusi, nikarudi mbio. Bado wanasoma. Saa kumi imepita! Nikasimama mlangoni, nikakohoa, nikatoa tangazo langu la huzuni.

Bi Rumaisa, rafiki wa marehemu tangu chuo cha Kurani walipokuwa wadogo, akafunga msahafu. Akauliza pilau iko wapi. Nikasema ukumbini. Akauliza ukumbi gani. Nikaeleza. Ilibidi nitaje na filamu.

Hakuinuka hata mmoja. Huwaida alinitazama kama mtu aliyekuta mlango wa kwao umebadilishwa kitasa. Alisema neno moja tu.

"Baba."

Nikaenda peke yangu.

Ukumbini: watu thelathini na mmoja, waliofuata harufu. Na paka. Fundi wa projekta kakataa kuhesabu paka. Fadhil alikaa mbele, akalia nilipotumbukia kisimani ndani ya filamu. Kisha akamuuliza jirani yake pilau hii ya nani. Alipoambiwa, aliinuka katikati ya filamu, katikati ya maneno yangu makubwa, akapakia sufuria mbili zilizosalia, akazisukuma mwenyewe hadi Wiyoni.

Nikabaki natazama uso wangu ukutani. Naigiza vizuri, wallahi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Huwaida kaondoka na boti ya asubuhi. Kanipikia chai kwanza, katia iliki kama nipendavyo. Hakunitazama.

Bi Rumaisa kaja kuchukua misahafu yake. Nikamlalamikia: watu mia mbili na kumi na wanne zamani, leo thelathini na mmoja. Nti hii imeharibika, watu hawapendi sanaa tena!

"Hatukuya kukutazama wewe, Bwana Kamaludin," kasema. "Mahfudha alituita."

Kasema filamu ya kwanza mke wangu alipita nyumba kwa nyumba siku tisa. Hata Shela alikwenda, kwa miguu, juani. Ya pili alikuwa hawezi kuinuka tena. Akapiga simu akiwa kitandani, jina baada ya jina, mpaka sauti ikamwishia. Akawaapisha wote wasinambie. Alisema nikijua nitavunjika moyo.

Nami nilikuwa chumba cha pili nikijaribu vilemba.

Nimefungua kabati, nikatoa leso yake, nikakaa nayo mpaka Magharibi. Haina harufu yake tena. Ina harufu ya kabati.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nicodemus kasema Fadhil. Nikamsihi sana. Kakubali onyesho moja zaidi, Mokowe, Jumanne.

Nimeyatafakari maneno ya Bi Rumaisa usiku na mchana. Funzo liko wazi kabisa: wanawake hawaji kwa matangazo. Huja wakiitwa na sauti waipendayo. Na Huwaida ana sauti ya mama yake, ile ile!

Nikampigia. Kapokea simu mlio wa kwanza. "Baba, nilijua utapiga," kasema huku akilia. Nikamwambia nami nilijua atapokea. Nikamuuliza anajuana na wanawake wangapi Mokowe, na kama anaweza kuanza kupita nyumba zao leo hii.

Namsikia anapumua. Kisha simu ikakatika.

Mtandao wa Mokowe mbovu sana. Nitapiga tena baada ya Isha, nimkumbushe asiwasahau na wale wa nyuma ya stendi.