Injini Arudishwa Darasa la Tano

Injini alifika kijiweni saa kumi jioni, simu mkononi, hakusalimia mtu. Huyu bwana anaendesha lori la mchanga na ana sauti ya lori hilo hilo, ndiyo maana akinyamaza watu wote tunashtuka. Mama Birika, mwenye benchi na mwenye kahawa, alimsogezea kikombe. Hakukigusa.

"Haya, nani kafa?" akauliza Msumari, fundi seremala. Karakana yake iko hatua kumi tu kutoka hapo, ila mteja akimhitaji anamfuata benchini.

"Nimeitwa shule."

"Mwanao kafanya nini?"

"Mtoto hajaitwa. Nimeitwa mimi!"

Shule yenyewe ni ile ya binafsi, ya kutwa, yenye geti la bluu. Watoto wanaingia asubuhi wamenyooshwa kwa pasi, jioni wanarudi na kazi za kufanyiwa na baba zao. Mimi ni kinyozi, nawasikia hao akina baba kila Jumamosi. Mtu namnyoa kisogo, yeye ananiuliza figo zinakaa upande gani. Binti wa Injini yuko la tano, na tangu aanze pale baba yake ameshasoma sayari zote na mmeng'enyo wa chakula.

"Sikilizeni," akasema Injini, akasoma ujumbe kutoka grupu la wazazi. "'Wazazi watano wafuatao wafike kesho saa mbili asubuhi, darasa la tano, bila watoto. Kila mmoja atajenga upya daraja la mwanawe mbele ya mwalimu wa sayansi, kwa vijiti, gundi na uzi. Daraja libebe kilo moja. Hakuna kuazimana vifaa wala kuongea.'"

Mwalimu Chaki alipaliwa na kahawa. Huyu amefundisha miaka thelathini na moja shule za serikali, amestaafu, lakini mkono bado unatafuta fimbo.

"Safi sana!" akasema. "Huyo mwalimu nampa mkono. Mtoto wa miaka kumi analeta daraja lenye reli za kuchonga, lina taa zinazowaka! Hata mimi ningeuliza."

"Taa ulizionea wapi, mwalimu?" akauliza Injini.

"Si ulilipitisha hapa, ukazima na taa ya Mama Birika ili tuzione?"

Mimi nilikuwa namtazama Msumari. Alianza kupangusa vumbi la mbao kwenye suruali, mtu ambaye hajawahi kujipangusa tangu nimjue.

"Msumari, kuna nini?"

"Hakuna kitu, kaka." Akamgeukia Injini. "Hao wengine wanne... yumo daktari wa mifupa?"

"Yumo."

"Na wakili? Na yule muuza vipuri? Na mhandisi wa barabara?"

"Wewe umejuaje?"

"Wote wateja wangu."

Benchi lilitikisika kwa kelele. Injini alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Yaani umetutengenezea watu watano daraja moja?"

"Siyo moja bwana, usinivunjie heshima! La kwako nilipaka kijani. La mhandisi nikapaka kijivu, nikaona linaendana na kazi yake."

"Ngoja kwanza," akasema Mwalimu Chaki taratibu. "Mhandisi wa barabara alikuja kwako umtengenezee daraja?"

"Alisema yeye yuko bize na madaraja."

"Mimi lile la mtoni kuanzia leo sipiti," akasema Mama Birika. "Nitazunguka, hata kama ni nusu siku."

Tulicheka mpaka wapita njia wakasimama. Injini hakucheka.

"Chekeni. Daraja likianguka, mtoto anawekewa sifuri, na nafasi yake kwenye timu ya maonyesho ya sayansi anapewa mwingine. Nafasi hiyo anaililia tangu mwaka jana. Karudi shule sasa hivi, sahani ya chakula kairudisha jikoni vile vile. Ananiuliza, 'Baba, unaweza lakini?' Nikamwambia naweza."

"Unaweza?" nikamuuliza.

"Siwezi hata kidogo."

Nilimwonea huruma, nasema kweli. Basi Mama Birika akatoa kiberiti kizima, Msumari akaleta gundi, mimi nikachomoa uzi kwenye shuka la kunyolea. Injini akapiga magoti mbele ya benchi. Mikono ile inayogeuza lori kwenye tope ikaanza kuvunja njiti moja baada ya nyingine.

"Weka pembetatu!" akapiga kelele Mwalimu Chaki. "Pembetatu hazilegei!"

"Pembetatu ndiyo ipi, mwalimu, njiti au uzi?"

"Ee Mungu wangu."

"Bana gundi, mwanangu, siyo supu hiyo," akasema Mama Birika.

"Msimchanganye," akasema Msumari. "Injini, wewe fikiria kitanda. Daraja ni kitanda tu ambacho hakuna mtu anayekilalia."

Baada ya saa nzima kulikuwa na kitu. Mwalimu Chaki akaweka juu yake kikombe cha kahawa, kama kipimo. Kikombe kilikaa kidogo, kisha kikalala, kahawa ikamwagikia suruali ya Injini.

"Limebeba lakini!" akasema Msumari.

"Limebeba nini? Limenibebesha mimi!"

Kesho yake nilinyoa vichwa vitatu bila kujua nanyoa nani. Saa sita Injini akatokea, bahasha ya kaki kwapani. Tukamwachia katikati ya benchi.

"Sema basi!"

"Wametukalisha kwenye vile viti vya watoto. Magoti yamefika masikioni. Mhandisi anaangalia vijiti kama kaletewa hati ya mashtaka, anamwambia mwalimu yeye huwa anasaini tu. Daktari kagandisha vidole vitatu pamoja, akatibiwa na nesi wa shule. Wakili kaomba kesi iahirishwe."

"Na muuza vipuri?"

"Kauliza kama yapo madaraja ya mtumba."

"Na lako?"

"Limeanguka kabla hawajaweka kilo. Mwalimu kakohoa tu, likalala."

Hapo hakuna aliyecheka. Mama Birika aliweka birika chini.

"Kwa hiyo mtoto..."

"Subiri, mama. Mwalimu akafungua kabati, akatoa madaraja mengine matano. Ya watoto. Kumbe wote watano walijenga ya kwao mapema, kabla sisi hatujaingilia. La binti yangu nilikuwa nalijua. Alinionyesha mwenyewe, limepinda kidogo, ana furaha hiyo! Nikamwambia hiki ni kichanja cha vyombo, katupe, baba atakuletea la maana." Injini akaihamishia bahasha kwapa la pili. "Hakulitupa. Kampelekea mwalimu kimya kimya. Mwalimu kaweka kilo moja mbele yangu. Likakaa. Mbili. Likakaa. Tatu, jamani! Limepinda vile vile, limekaa!"

"Timu je?"

"Yumo. Yeye ndiye wa kwanza kwenye orodha. Nililia, sitaki kuwaficha. Wakili alinipa leso, ingawa naye alikuwa anaihitaji."

Mwalimu Chaki alimpiga begani, mara mbili, bila hotuba. Kwa mtu yule, hiyo ni zawadi kubwa.

"Na bahasha ya nini?" akauliza Msumari, akainyakua na kuifungua. "'Ripoti ya maendeleo. Alama: mbili kati ya ishirini. Maoni ya mwalimu: Ana nia nzuri, ila anaongea sana darasani na anategemea wenzake. Irudishwe Jumatatu ikiwa na sahihi ya mzazi wake.' Mzazi wa nani?"

"Wangu mimi."

"Mwalimu Chaki atakusainia."

"Sighushi sahihi," akasema Chaki. "Peleka kwa mama yako."

"Mwalimu, mama yangu unamjua! Nina miaka arobaini na mbili, bado nikichelewa kurudi ananisubiri mlangoni!"

Injini anaishi na mama yake mzazi, na siku hiyo mama alikuwa anatoka sokoni, kikapu mkononi. Sisi tulimwona. Injini alikuwa amempa mgongo.

"Shikamoo bibi," tukasema kwa pamoja.

"Marahaba. Karatasi gani hiyo?"

Injini akaichukua kwa Msumari, akampa kwa mikono miwili. Bibi akaishika mbali na macho, hakuona vizuri.

"Ya shule?"

"Ya shule, mama."

"Yako?"

"Yangu."

Bibi hakushangaa hata kidogo. "Umekuwa wa ngapi?"

"Wa tano, mama."

Uso wa bibi ulilegea, akakaribia kutabasamu. "Wa tano siyo haba. Mko wangapi?"

Injini aliangalia viatu vyake.

"Watano."

Bibi akaikunja karatasi, akaitia kikapuni, kikapu akamtwika mwanawe. "Twende nyumbani. Na mwalimu kasemaje?"

"Kasema nategemea wenzangu."

Bibi akasimama. Akageuka taratibu kutazama benchi. "Hao wenzako ndio hawa?"

Msumari alikuwa ameshafunga mlango wa karakana, kwa ndani. Mwalimu Chaki alikumbuka dawa zake. Mimi niliingia kibandani kwangu pa kunyolea na kuanza kunyoa kiti kitupu.