Muhuri Ndani ya Soksi

Jumatatu, tarehe 3
Siku ya kwanza ya likizo. Miaka tisa masjala, sijapumzika hata siku, leo daktari kanifukuza kazini kama mwizi! Eti presha. Nikae nyumbani, Ijumaa anipime tena. Isiposhuka, ananipumzisha mwezi mzima. Mwezi! Kiherehere, karani wa meza ya pili, atakuwa ameshahamia kwenye meza yangu. Bahati nzuri akili ninayo: muhuri wa ofisi nimeondoka nao, nimeuficha ndani ya soksi. Bila muhuri hakuna barua inayotoka. Watanipigia wenyewe, wanibembeleze. Mke wangu ni muuguzi, naye kachukua likizo ili anichunge. Kanikataza hata kugusa kalamu, kisha kaenda mara moja kwa dada yake.

Jumanne, tarehe 4
Simu kimya. Chaji ipo, nimekagua mara kumi. Nimepanga vijiko kwa ukubwa na kufungulia jalada kila kabati. Mke yuko kwa dada yake tena, kutwa nzima. Huyo dada ana nini? Nimepumzika mpaka mgongo unaniuma.

Jumatano, tarehe 5
Nimeshindwa. Nikavaa kofia na miwani ya jua, nikaenda ofisini kama mteja. Foleni fupi ajabu! Mama mmoja kwenye benchi akaniambia mambo siku hizi ni chapuchapu, kuna karani msumbufu kaenda likizo. Barua zinatoka kwa sahihi tu, muhuri wameona hauna kazi. Halafu nikaona majalada ya mwaka huu yamechanganywa na ya mwaka jana. Nikaruka kaunta! Kiherehere akanitambua, akacheka mpaka akashika meza. Meza yangu. Kikombe chake kiko juu yake.

Ijumaa, tarehe 7
Siku ya kupimwa. Nikavuta pumzi, nikawaza mambo matamu: wino mpya, rafu zilizonyooka. Pazia likafunguka, akaingia muuguzi na mashine ya presha. Mke wangu! Yule wa kwa dada yake! Nikashtuka, muhuri ukachomoka kwenye soksi ukabingirika hadi miguuni pake.
"Usimwambie daktari kuwa niko likizo," akaninong'oneza, "na mimi sisemi habari ya muhuri."
Daktari alikuwa nyuma yake, kasikia yote. Katupima wote wawili. Yangu imepanda, ya mke imenipita. Hata hapo kanishinda, roho imeniuma! Tumepewa mwezi mzima kila mtu. Njiani mke akalia, anaogopa tutawaacha watoto yatima. Nikamshika mkono. Nami naogopa. Tumeapa: kazi basi.

Jumamosi, tarehe 8
Tumebadilika kabisa. Nimeamka kabla ya jogoo, nikaandika ratiba ya kupumzika: kulala chali, kulala ubavu, kutazama dirisha. Nakala tatu. Mke akaongeza safu ya presha, asubuhi na jioni. Nikagonga muhuri kila ukurasa. Raha iliyoje! Ila hadi jioni tulikuwa nyuma ya ratiba kwa saa mbili. Tumekubaliana kufidia kesho Jumapili: tutapumzika kutwa, bila mapumziko.