Vijidudu Wageni Wanaokula Amasi ya Nyumba Yangu

Mfaniseni Ntshangase,
Mahlabathini.

Kwa Meneja,
Kiwanda cha Vidonge vya Tumbo Shwari,
Durban.

Mheshimiwa Meneja,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na tumbo lako likiwa lako peke yako. Langu si langu tena.

Dawa za kifua nilizopewa hospitali zilinivuruga utumbo. Mkaza mwanangu Zibuyile, mshauri wa lishe katika zahanati yetu, akaniletea chupa ya vidonge vyenu. Mnasema wenyewe kwenye lebo kwamba kila kidonge kina vijidudu hai bilioni ishirini, "rafiki wa utumbo". Nikameza kwa nia njema. Sasa nalalamika kama ifuatavyo:

1. Waliingia bila hodi. Kwetu mgeni husimama langoni, akautaja ukoo wake, akangoja aitwe. Hawa wenu walipita kooni kimya kimya kama wezi wa kuku. Mpaka leo sijui ni wa ukoo gani.

2. Wanakula amasi. Hapa ndipo moyo unaponiuma. Amasi, maziwa yetu ya kuganda, si chakula cha kila mpita njia. Ni ya watu wa nyumba. Zibuyile mwenyewe, huu mwaka wa pili tangu aolewe na mwanangu, kule zahanati huwasifia wagonjwa amasi kuwa ni dawa ya utumbo, na hapa nyumbani hajaonja hata kijiko, kwa sababu mbuzi wa kumwingiza katika ukoo hajachinjwa. Mbuzi wa kufaa hapatikani. Mmoja anachechemea, mwingine ana macho ya dharau. Majuzi, akinipa kidonge, alisema kwa adabu zake zote: "Baba, hao wameingia jana na leo wanakula amasi. Basi nami nitie kwenye kidonge unimeze, labda nitahesabiwa mtu wa hapa." Nilikasirika sana, nikakimeza kidonge bila maji.

3. Wanachagua chakula. Zibuyile anasema vijidudu wema hutaka maharagwe, uji wa mtama, na viazi vitamu pamoja na maganda yake. Natafuna mimi, wanashiba wao.

4. Wamelinyamazisha tumbo langu. Miaka yote lilinguruma hata mke wangu MaMbatha akajua nimefika kabla sijafungua mlango. Juzi kwenye kikao cha ukoo, kaka yangu alipoanza hotuba, nililitegemea lingurume nipate udhuru wa kutoka. Kimya. Nikaisikiliza hotuba yote.

5. Wamenizidi idadi. MaMbatha alicheka mpaka akashika ukuta: "Mzee, humo ndani wakipiga kura, wewe ndiye utakayefukuzwa!" Nimelifikiria neno hilo na nimeona ni kweli. Nikifa, nani atarithi ng'ombe wangu, mwanangu au hawa?

Kwa hiyo naomba kiwanda kitume wazee wake tuzungumze, kila kijidudu ajitambulishe kwa ukoo wake, na kila mmoja achinjiwe mbuzi kwa mujibu wa mila. Hao mbuzi bilioni ishirini mje nao nyinyi; zizi langu ni dogo. Mkishindwa, njooni muwachukue watu wenu. Mila ni mila, Mheshimiwa, na mgeni hali amasi.

Nisalimie mkeo, watoto, walinzi wa lango, na yule maskini anayewahesabu vijidudu.

Ni mimi niliyevamiwa,
Mfaniseni Ntshangase

Nyongeza: Macho yangu hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo barua hii nimemtamkia Zibuyile, naye ameiandika neno kwa neno. Alipofika kwenye "mgeni hali amasi" aliweka kalamu chini, akaniuliza, "Baba, huyo mgeni ni wao au ni mimi?" Nilitoka nje nikaenda kukaa zizini, nikaona haya kweli kweli. Mbuzi wote walikuwa wanafaa tangu zamani. Vijidudu waacheni walipo, nami nawashukuru kwa tumbo, na kama mna chupa nyingine nitampa kaka yangu. Jumamosi tulimchinja mmoja. MaMbatha alimpa Zibuyile kijiko mbele ya ukoo mzima, machozi yake yakadondokea kwenye amasi, naye akala hivyo hivyo.