Vigingi vya Mlandege

Jumatatu, 9 Juni
Baridi ya kuuma. Bomba letu limekohoa asubuhi, likatema kutu, likanyamaza. Si ajabu, lilitandazwa babu yangu akiwa kijana. Lakini raha! Mradi umefika Mlandege. Mabomba mapya! Mhandisi Joyness kapita na watu wake wakipigilia vigingi vyekundu. Vyote mlangoni kwa Gideon, jirani yangu mwenye hoteli ya chai. Kwangu, hata kimoja. Gideon kasema nisijali, nitakuwa nachota kwake. Kuchota! Mimi Muhidini, mwenye duka la vitenge!

Jumanne, 10 Juni
Nimetoka msikitini alfajiri, mtaa mtupu. Nimeng'oa vigingi na kuvipigilia upande wangu, hadi mbele ya kibaraza. Nyundo nimeivisha kitambaa isilie. Akili hii nimeitoa wapi? Mke wangu Mwanakhamisi kauliza magoti yana udongo wa nini. Nimesema nimesujudu sana. Jumamosi watu wa Farhan wanakuja kumposa binti yetu Shufaa. Watakuta maji yanaruka!

Alhamisi, 12 Juni
Kijiko kimekuja kuchimba. Dereva kafuata vigingi bila swali. Nimempelekea chai mwenyewe. Kisha wakashusha mabomba. Manene mno! Nimeuliza mbona bomba la maji kubwa hivi. Dereva kasema ni la maji, ndiyo, ila yale ya chooni. Majitaka! Ya mtaa mzima! Na chemba yake, shimo la kuzibulia uchafu, mbele ya mlango wangu! Gideon kacheka hadi akakaa chini. Papo hapo kijiko kikatoboa bomba kuukuu la maji. Maji juu kuliko paa! Watu wakaja na ndoo wakiimba. Nami nimechota. Nilicheka kama mtoto.

Ijumaa, 13 Juni
Joyness kautazama mchoro, kavitazama vigingi, kanitazama mimi. Kauliza nani kavihamisha. Nimesema mbuzi.
"Mzee Muhidini," akasema, "mbuzi anayejua kushika nyundo tungempa ajira."
Bomba limezibwa. Mtaro utafukiwa Jumatatu, hadi hapo mashine inahitajika kwingine. Nimemsihi: kesho posa! Kanipa hongera. Shufaa kalia. Kasema wageni wakigeuza, hatanisemesha tena.

Jumamosi, 14 Juni
Wageni wamefika na kanzu nyeupe. Mtaro katikati, matope matupu. Shangazi yake Farhan, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa, kasimama ukingoni akauliza binti anaposwa au anazikwa. Shufaa kachungulia dirishani, mtandio mdomoni. Nikajua yamekwisha.
Gideon huyo! Kaja na mabenchi ya hoteli, kayalaza daraja, salamu ya Kihehe, kamwene, kwa huyu, karibu kwa yule, akawavusha mmoja mmoja. Katikati shangazi akayumba. Nikaruka kumdaka. Nimedaka hewa. Yeye kabaki juu, mimi chini, kofia imezama. Shangazi kacheka mpaka machozi. Kasema nyumba hii mtoto wao hatanuna kamwe. Posa wakaitoa, nasi tukaikubali kabla hawajamaliza kusema. Shufaa kapiga kigelegele mwenyewe, adabu ikae pembeni! Nimelia, matope masikioni. Gideon kapewa kiti cha heshima na paja la kuku. Sawa. Kwa leo tu.

Jumatatu, 16 Juni
Mtaro umefukiwa, bomba linarudi kwa Gideon. Joyness kasema choo chake kitakuwa cha kwanza kuunganishwa. Shimo lake halitajaa tena. Na langu limejaa! Kwa nini yeye? Nimeuliza kama chemba haiwezi kurudi kwangu. Joyness kakunja mchoro wake, kaondoka.
Mwanakhamisi kaniapisha nisiguse tena kazi ya mradi wowote hapa Iringa. Nimeapa kwa moyo safi. Jioni rafiki yangu Lugano kapiga simu kutoka Mbeya. Huko nao wanaanza kubadilisha mabomba, na mtaani kwake hakuna mtu mzoefu wa mambo haya. Maskini! Nimekata tiketi ya basi la kesho.