Namba Mbili Zinazofuatana

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Habari kubwa! Nimeisoma kwenye gazeti kuukuu nililotaka kufungia shuka za mteja. Kuna chombo cha anga kitaondoka mwakani, kipite sayari zote, kiende tu, na kitabeba majina ya watu. Yeyote anaruhusiwa. Unajaza fomu mtandaoni, unapewa tiketi yenye namba, jina lako linachorwa kwenye kibati kidogo kuliko kucha. Mwisho Ijumaa.

Mke wangu ataenda. Ana miezi saba tangu afariki, na maisha yake yote hakusafiri mbali zaidi ya kwa dada yake. Nami nitakwenda naye, ubavuni kabisa. Mimi ni dobi, haya mambo nayajua: nguo zenye namba zinazofuatana hutundikwa bega kwa bega. Utaratibu huo ni wa mke wangu. Mume na mke wakigombana, kila mmoja akaleta nguo kivyake, aliwapa namba zinazofuatana makusudi. Alisema mashati yakipatana, wenyewe watafuata.

Kwa hiyo: namba yake, halafu yangu. Mpango wote nimeuandika pembeni mwa gazeti kwa kalamu nyekundu.

Shemeji asijue! Ndiye huyo dada wa marehemu. Simchukii. Lakini kwenye picha ya harusi yetu amekaa katikati. Kwenye kochi, katikati. Hata hospitalini kiti cha kichwani kilikuwa chake, mimi nilishika miguu. Akijua tu, atajipachika.

Jumanne, tarehe 4 Machi
Nimevuka barabara kwenda kwa Mama Printa, mwenye duka la kompyuta. Kasema majina yanaingia kila baada ya sekunde chache, hayamsubiri mtu anayechapa kwa kidole kimoja. Kasema pia kwamba namba ya tiketi huenda haihusiani na jina kukaa wapi kwenye kibati. Nikamwuliza amefanya udobi miaka mingapi.

Kila jina linataka barua pepe yake. La mke wangu litatumia ile ya duka letu. Mimi sina, na ya kufungua inataka simu ipokee namba ya siri. Simu! Asubuhi nilifua suruali yangu. Miaka ishirini na sita napekua mifuko ya watu, wangu sikuupekua. Simu imetakata. Uhai ndio haina.

Jumatano, tarehe 5 Machi
Simu nimeianika kwenye kamba, kwa vibanio viwili.

Shemeji kaja kuchukua nguo. Nimemfungia magauni mawili kwenye gazeti lililokuwa karibu. Kaniuliza jana mchana nilikwenda wapi. Kwa daktari wa meno, nikasema. Jino lipi? Nikashika shavu la kushoto. Mlangoni akageuka akauliza tena. Nikashika la kulia. Kasema pole sana, shemeji, kumbe limehama.

Jioni nimelitafuta gazeti la mpango, silioni. Panya hao. Heri, siri imeliwa.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Simu imefufuka! Inakoroma kidogo. Barua pepe imepatikana. Mazoezi: Mama Printa mashine ya kushoto na jina la mke wangu, mimi ya kulia na langu. Nahesabu mpaka tatu, anabonyeza, nami nabonyeza papo hapo. Tumerudia mara kumi na moja. Kasema hata harusi yake haikufanyiwa mazoezi hivi.

Nimepiga pasi shati la kesho. Ndani ya kola kuna mshono mdogo wa uzi mwekundu, alama ambayo mke wangu alizitia nguo za wateja. Zangu pia alizitia. Niliwahi kumwuliza kwa nini, mimi si mteja. Akasema kinachopotea ni kile ambacho kila mtu anadhani kinajulikana ni cha nani.

Ijumaa, tarehe 7 Machi
Siku yenyewe. Mashine ya tatu ilikuwa na mteja, mama mmoja kajitanda mtandio, kanipa mgongo. Gauni lake limepigwa pasi likanyooka. Nikasema moyoni, huyu anajua dobi wa kumpelekea.

Moja. Mbili. Tatu! Mama Printa akabonyeza. Mimi nikageuka kutazama kioo chake, mara moja tu. Jina la mke wangu lilikuwa pale. Herufi zote, kwenye fomu, kama mtu anayetarajiwa mahali. Mara ya mwisho kuliona limeandikwa ilikuwa kwenye jiwe. Nikalisoma. Nikalisoma tena. Mama Printa akapiga kelele: bonyeza, baba, unangoja nini?

Nikabonyeza.

Tiketi yake inaishia na 410. Yangu, 412.

Mteja wa mashine ya tatu akageuka. Shemeji! Mkononi gazeti langu, na maandishi yangu mekundu. Kumbe alibonyeza kwa “tatu” yangu mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 8 Machi
Nimenuna mpaka adhuhuri. Shemeji akaja, hakucheka. Kasema kwa miezi saba sijalitaja jina la dada yake mbele yake hata mara moja, akadhani nimeshamsahau. Halafu akafungua magauni, akalikuta jina hilo mara tisa kwa mwandiko wangu.

Ile picha ya harusi nayo kanieleza. Ni mke wangu aliyemvuta katikati. Mimi nilikuwa nalia, naye aliogopa akiniona atalia, wanja umchuruzike. Miaka yote hiyo!

Kasema pia huko juu ni mbali, afadhali awepo mtu wa kupiga soga, maana mimi na mke wangu tulikuwa tunanyamaza tu. Kweli. Tulikuwa tukinyamaza vizuri sana.

Tukakaa kwenye kochi. Yeye kakaa pembeni kule, mimi pembeni huku. Katikati hakukaa mtu.

Jumatatu, tarehe 10 Machi
Nimetafakari sana. Shemeji ni mtu mwema na nilimkosea. Hata hivyo, 411 ni 411.

Nimewaandikia wenye chombo, nikiomba 411 na 412 zibadilishane. Nimesaini kwa jina la shemeji. Mama Printa kaituma huku akitikisa kichwa. Safari hii hajui mtu! Hata rasimu sikuiacha ovyo mezani. Gazeti nililoiandikia nimelikunja vizuri, nikafungia magauni ya shemeji, na ameshayachukua.