Pingamizi la Sikio Langu dhidi ya Mashine ya Kusoma Pikipiki

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Umoja wa Mafundi Pikipiki.

KUHUSU: MASHINE ISIYO NA ADABU

Ndugu Mwenyekiti,

Nakuandikia nikiwa nimekalia tairi kuukuu, karatasi nimeilaza juu ya tangi la pikipiki ya mteja, kwa hiyo ukiona doa usidhani ni chozi. Ni grisi. Natumai hujambo, shemeji hajambo, na mgongo wako umekubali kunyooka. Mimi kimwili sina neno. Kiheshima ni mgonjwa.

Nimelisoma tangazo lako pale mlangoni mwa duka la vipuri. Jumamosi wanachama watapiga kura kwamba pikipiki yoyote yenye kompyuta ya kupuliza mafuta isifunguliwe kabla haijachomekwa mashine ya kuisoma, na fundi atakayefungua kwa kusikiliza tu afutwe kwenye orodha ya mafundi wakuu. Mwenyekiti, kwenye orodha hiyo wanaosikiliza tu tuko mmoja. Ungeandika jina langu tu, wino ungebaki.

Kwa vile najua barua hii utawasomea wanachama, na wengine ni wageni, nijieleze kidogo. Mimi ndiye mnayeniita Fundi Sikio. Kwa miaka ishirini na saba nimetibu pikipiki kwa bisibisi moja ndefu: ncha kwenye injini, mpini sikioni. Ninapoinyanyua bisibisi ile, karakana nzima hunyamaza. Nyundo inatuliwa, redio inazimwa, anayekunywa chai anaishikilia mdomoni bila kumeza. Kisha nafumba macho, nakunja uso, nasema, "Vali." Inakuwa vali. Kufumba macho hakusaidii chochote, nakiri, lakini mteja hupenda kuona mtu anateseka kwa ajili yake.

Sasa binti yangu, ambaye nilimfundisha mwenyewe kushika spana na leo ni fundi mwenzangu, ameleta kidude cha ukubwa wa kiberiti. Anakichomeka chini ya kiti cha pikipiki, anafungua programu kwenye laptopu, namba na misimbo ya makosa vinaanza kukimbia kwenye skrini kama siafu waliomwagiwa maji. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu mgeni amekuja, mwenyeji yuko hoi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mashine haina salamu. Wewe na mimi tulifundishwa kazi na bwana mmoja, na unakumbuka alivyotuonya kwamba pikipiki huugua pamoja na mwenye nayo. Mteja hukaribishwa, huketishwa, huulizwa habari za nyumbani. Ndipo anaanza: "Fundi, hii ilianza siku nilipompeleka mama mkwe." Hapo nusu ya ugonjwa nimeshaujua, maana mama mkwe huyo namfahamu, nami nimeshaanza kuangalia springi za nyuma. Mashine haitaki habari za mama mkwe. Mteja hajavua kofia, skrini imeshajibu. Anabaki na kisa chake mdomoni, kama mtu aliyeandaa hotuba akaambiwa sherehe imeahirishwa.

2. Inasema ukweli mbele za watu. Kuna mkunga mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, ambaye pikipiki yake ilikuwa ikishachemka inakohoa, inatoa moshi mweusi, inazima. Na mkunga, Mwenyekiti, hapelekwi na safari, anapelekwa na mtoto anayekuja. Nilisikiliza nikasema plagi. Nikabadilisha. Akarudi. Nikasikiliza tena nikasema plagi hiyo mpya ni mbovu. Akarudi. Mara ya tatu akaniambia, "Baba, hizi plagi ninazoacha kwako, unazipanda shambani?" Watu wakacheka. Binti yangu akachomeka kidude chake. Skrini ikaandika kwamba joto la injini ni nyuzi arobaini chini ya sifuri. Chini, Mwenyekiti! Injini ambayo nimetoka kuungulia kidole! Nikasimama nikatangaza, "Mmeona? Mashine ni mwongo." Binti akajibu polepole, "Baba, mashine haisemi injini ina baridi. Inasema kompyuta ya pikipiki *inaamini* ina baridi." Kumbe waya wa sensa ya joto ulikuwa umekatika. Kompyuta, kwa kukosa habari, ikadhani iko kwenye barafu, ikawa inaimwagia injini mafuta kama bibi anayemfunika mjukuu mablanketi matano saa saba mchana. Waya ukaungwa, pikipiki ikapona, mkunga akaondoka na mbio zake. Lakini je, ilikuwa lazima jambo hilo lisemwe mbele ya muuza maji, dereva wa lori na mama wa cherehani? Mimi wateja wangu huwaita pembeni.

3. Ina kumbukumbu. Hili ndilo kubwa, na naomba ulisome mwenyewe kwanza ukiwa umekaa. Unajua kila pikipiki inayotoka mikononi mwangu huwa naiaga kwa robo. Namaanisha robo ya mzunguko kwenye ile skrubu ya kuzuia mkono wa mafuta usifunge kabisa. Bwana wetu alitufundisha kwenye kabureta: robo moja kulia, injini inatulia, inanguruma kama paka aliyeshiba. Robo yangu ilikuwa ndiyo sahihi yangu. Watu walikuwa wakisikia pikipiki inapita wanasema, hiyo imetoka kwa Sikio.

Basi zikaja hizi za kupuliza mafuta kwa kompyuta. Zina skrubu ileile, mahali palepale, inaniangalia. Ningefanyaje? Nikaziaga kwa robo. Sikuwa nimeambiwa kwamba kiwandani skrubu ile imewekwa isiguswe, na kwamba kuna sensa pembeni yake inayoiarifu kompyuta mkono wa mafuta umefungwa au umefunguliwa. Ukiweka robo yangu, dereva ameachia mkono kabisa, lakini kompyuta inaambiwa bado anavuta kidogo. Inabaki inapanda na kushuka, haijui kama imepumzika au iko safarini, na mafuta yanakwenda bure.

Binti yangu alichomeka pikipiki kumi na saba zilizoletwa kwa kosa la kupandisha na kushusha mlio. Zote kumi na saba zilionyesha mkono wa mafuta umefunguliwa asilimia tatu, wakati hakuna aliyeugusa. Tatu, tatu, tatu, mpaka mwisho. Fundi wa jirani aliyekuja kuazima jeki akatazama skrini akauliza kwa upole wa kinafiki, "Hivi hizi zote zilipita kwa nani?" Mimi nikakumbuka ghafla kwamba nina safari ya chooni. Mwenyekiti, mtu aliyefanya kazi yake kwa usawa namna hiyo, robo ileile bila kupungua wala kuzidi kwa pikipiki kumi na saba, alistahili cheti. Badala yake binti alizirudisha skrubu moja baada ya moja, akaifundisha upya kila kompyuta sifuri yake iko wapi, na mimi nikawa namshikia tochi.

4. Imeingia nyumbani kwangu. Mke wangu, baada ya kusikia habari hizo mezani, aliuliza kama mume naye ana soketi. Binti akacheka. Mimi nikasema mume husomwa usoni. Mke wangu akasema huo uso ameusoma miaka thelathini na bado haujampa msimbo hata mmoja wa maana.

5. Tukiikubali, hatutajua pa kuikomesha. Leo ni pikipiki. Kesho mwalimu atamchomeka mwanafunzi badala ya kumuuliza swali. Keshokutwa posa zitakuja na waya: washenga watakaa sebuleni, bwana harusi atachomekwa, na skrini itaonyesha uvivu asilimia themanini, makosa ya zamani manne, moja limefutwa juzi. Nani ataoa? Wewe ungeoa? Mimi niliyekuwa mshenga wako nakuhakikishia usingeoa. Na vijana wasipooa hakutakuwa na watoto, wasipokuwepo watoto hakutakuwa na waendesha pikipiki, na Umoja wetu utakufa. Kwa hiyo utaona, Mwenyekiti, kwamba wanaounga mkono azimio hili wanataka kuuua Umoja, hata kama wenyewe hawajalifikiria jambo hilo mpaka mwisho kama nilivyolifikiria mimi.

6. Haihitajiki. Ninao ushahidi. Tangu ile aibu ya kumi na saba nimesikiliza pikipiki thelathini na moja za kupuliza mafuta, kwa bisibisi, mbele za watu, na sijakosea hata moja. Pampu nilisema pampu. Sensa nilisema sensa. Ile ya mwalimu mkuu nilisema, "Sindano ya mafuta imeziba," watu wakapiga makofi, na mteja mmoja aliyekuja kutia upepo tu akaomba nisikilize na ya kwake. Thelathini na moja kwa thelathini na moja! Mashine gani itafanya zaidi ya hapo?

Kwa sababu hizo naomba, kwa heshima zote:

(a) Mashine ianze uanagenzi kama sisi sote. Ifagie karakana mwaka wa kwanza, ioshe vipuri mwaka wa pili, na mwaka wa tatu iruhusiwe kutoa maoni, ikiulizwa.

(b) Kumbukumbu zake zote za kabla ya mwezi huu zifutwe, kwa amani ya wanachama. Wanachama wenyewe wanajijua.

(c) Viwanda viandikiwe barua virudishe kabureta. Barua niko tayari kuiandika mimi.

(d) Jumamosi, kabla ya kura, pawe na pambano la wazi. Ziletwe pikipiki tatu mbovu. Upande mmoja akae binti yangu na mashine yake, upande mwingine nikae mimi na bisibisi yangu. Nikishindwa hata moja, nifuteni kwenye orodha na nitakabidhi bisibisi mbele ya kikao.

Nisalimie shemeji, watoto, mjumbe wa nidhamu na yule katibu wako anayechelewa na daftari la mahudhurio. Wa dukani mwambie tangazo lako limeanza kubanduka upande mmoja, na si mimi.

Ni mimi, mwanagenzi mwenzako wa zamani na fundi mkuu mpaka Jumamosi,

Fundi Sikio.

Tanbihi: Hapa usisome kwa sauti. Nimeitazama tena ile (d) na naomba marekebisho madogo. Katika pambano, binti yangu asikae upande wa pili. Asimame nyuma yangu, karibu, na laptopu yake, na mkono wake mmoja uwe begani kwangu. Sikio la kulia halisikii kitu tangu mvua zilizopita, na la kushoto linasikia nusu tu. Nilimficha kila mtu. Siku moja nimeinamia injini, nimefumba macho, sijui niseme nini, nikahisi kidole kinanigonga begani mara mbili. Nikakisia, nikasema, "Pampu." Ikawa pampu. Kumbe alikuwa ameshaisoma kwa mashine kule nje, mteja akiwa bado anaketishwa. Tangu hapo moja ni plagi, mbili pampu, tatu sensa, akinifinya ni sindano, na kila ishara mpya ilianza na kipuri chenyewe kikigusishwa mguuni kwangu. Zote thelathini na moja ni zake. Hatujawahi kulizungumza, yeye na mimi, hata nyumbani. Anaendelea kuzima redio ninaponyanyua bisibisi, na anawafokea wanaopiga kelele.

Ukiona marekebisho hayo hayawezekani, basi pambano lisiwepo, na kwenye ile orodha ya mafundi wakuu uandike jina lake pale lilipo langu. Mimi nitanyoosha mkono kuunga azimio. Ila wakati wa kura uje unishike bega, nijue mmefika.