Wimbo wa Mke Wangu Usiimbwe na Mgeni

Jumatatu, 4 Agosti

Tumefika. Ndege mbili, basi moja, mihuri mitatu kwenye pasipoti, na kinanda changu kimekwaruzwa ubavuni. Kituo cha mafungo kiko juu ya kilima: ukumbi, mabweni mawili, jiko, na kengele ya chuma inayogongwa kwa kila jambo. Tumekuja kuwaimbia wamisionari thelathini na wanne wanaopumzika wiki moja baada ya miaka mingi kwenye vituo vya mbali. Nyimbo asubuhi, nyimbo jioni, katikati tusiwasumbue. Kazi ya heshima.

Baada ya chai shemeji akatukusanya. Shemeji ni kaka wa marehemu mke wangu, mpiga gitaa na kiongozi wa kikundi. Akasoma ratiba. Ibada ya kufunga, Ijumaa asubuhi: wimbo wa marehemu. Mwimbaji: Mgeni.

Nikamwomba arudie. Akarudia, tena kwa sauti ya upole, ile anayotumia kwa wagonjwa.

Wimbo ule maneno alitunga mke wangu, muziki nikatunga mimi, mezani kwetu jikoni, tukimenya viazi. Miaka kumi na miwili aliuimba yeye tu. Sasa ana miezi tisa kaburini. Mgeni ana miezi minne kwenye kikundi, ndiyo maana anaitwa Mgeni. Ni mwalimu wa chekechea. Aendelee kuwaimbia watoto wake!

Nimekata shauri. Hataimba. Namna ya kumzuia sijaijua bado, lakini siku nne ni nyingi kwa mtu mwenye akili.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango wa kwanza: barafu.

Kila mwimbaji anajua baridi inavyoharibu koo. Nikajiteua mhudumu wa Mgeni. Asubuhi, juisi yenye barafu. Saa nne, maji yenye barafu. Mchana nikaenda mwenyewe jikoni kuomba barafu zaidi, mpishi akaniuliza kama kuna aliyeteguka mguu.

Kasoro moja. Mgeni ana adabu mno. Hanywi mpaka mtu mzima anywe kwanza. Basi kila glasi aliyokunywa yeye, nilitangulia mimi.

Jioni Mgeni aliimba sauti ikamtoka safi kabisa. Mimi nilipofungua kinywa kwenye kiitikio, kikatoka kitu kama mlango wa ghala. Mmisionari mmoja, bibi mwembamba tunayemwita Muuguzi kwa kuwa ndiyo kazi yake miaka thelathini, alinifuata na kikombe cha maji moto ya chumvi. Akasimama pale mpaka nikasukutua. Akaniuliza kama nyumbani kuna mtu wa kunitunza. Nikamjibu kwamba yupo. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Jumatano, 6 Agosti

Koo bado. Nanong'ona.

Asubuhi mzee mmoja alilala usingizi mzito kiti cha mbele kabisa, tangu wimbo wa kwanza hadi baraka. Radi, mpiga ngoma wetu, alitaka kupiga kwa nguvu amwamshe. Mchungaji wa kituo akamzuia. Akasema yule bwana hajalala vizuri miaka miwili, na kama tumemlaza basi tumefanya kazi yetu. Wengine walikuwa wakilia. Hawa watu hulia kwa kila kitu. Mmoja amelia kwa sababu ya mikate. Nawaonea huruma, na mara nyingine nawaonea wivu, maana mimi tangu mazishi sijaweza.

Mpango wa pili: uongo mdogo. Nilimvuta shemeji pembeni, nikamnong'oneza kwamba Mgeni amenijia kwa siri, anaogopa, anaomba asipewe wimbo ule, ila anaona haya kusema. Nilijipongeza. Uongo wenye huruma ndani yake!

Shemeji naye hana ujanja hata wa kuazima. Alikwenda moja kwa moja kumuuliza Mgeni.

Nikangoja balaa. Mgeni akaja machozi yakimlengalenga. Nikajua nimekwisha. Akanishika mikono yote miwili. Alisema baba, kumbe umeniona ninavyotetemeka hata kabla sijasema! Kweli alikuwa akiogopa, tangu Jumatatu hakupata usingizi, wala hakumwambia mtu. Sasa maadamu mwenye wimbo anamjali kiasi hiki, haogopi tena. Ataimba kwa moyo wote. Hataniangusha.

Nimejipalia makaa kwa mikono yangu mwenyewe.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango wa tatu, na huu ni wa kishujaa.

Kwenye simu yangu kuna sauti ya mke wangu. Mazoezi ya mwaka juzi, kabla ya ugonjwa. Niliyarekodi ili nisahihishe kinanda. Wimbo mzima, beti tatu, yeye akiimba na sisi tukimpigia. Huwa nausikiliza hadi mwisho wa ubeti wa tatu kisha nazima haraka, kwa sababu ukimya wa baada ya hapo siuwezi.

Kesho ataimba mwenyewe. Nani atathubutu kumkatiza?

Nimemwendea fundi mitambo wa kituo, kijana mtaratibu, hasemi sana. Nimempa simu. Nimemweleza: nikiinua mkono, fungua sauti ya simu, funga kipaza sauti cha mwimbaji. Akaniuliza kama kiongozi anajua. Nikasema ni zawadi ya kushtukiza. Akauliza mkono upi. Nikasema wowote.

Mchana wote nilikuwa na furaha. Nimepiga pasi shati jeupe. Nilitaka mke wangu alikute jeupe.

Ijumaa, 8 Agosti

Niandike kwa utaratibu, kama yalivyotokea.

Ukumbi ulijaa. Shemeji akautangaza wimbo, akamtaja dada yake. Mgeni akasogea mbele. Nikainua mkono.

Akaanza kuimba mke wangu.

Lo! Spika zile ni kubwa. Alitoka kila upande, kwenye kuta, kwenye mbao za sakafu, nilimsikia hadi kwenye soli za viatu. Gitaa la shemeji likanyamaza. Radi akaweka fimbo zake mapajani. Mgeni alielewa kabla ya wote: akashusha kipaza sauti, akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa. Wamisionari hawakujua lolote. Wawili watatu walichungulia pazia wamtafute mwimbaji.

Beti tatu. Sijawahi kuwa na dakika nne kama zile. Ubeti wa tatu ukaisha na nikaona yatosha, sasa anyamaze kwa heshima. Nikamwashiria fundi azime. Nilimwashiria vipi? Niliinua mkono.

Fundi akaongeza sauti.

Basi ukumbi mzima, watu wazima thelathini na wanne na mchungaji wao, wakamsikia mke wangu akicheka. Kisha akasema, nami nayaandika kama yalivyo: "Wewe mzee, umeingia mapema tena! Miaka yote hii! Haya, wote, tuanze upya." Nikasikika nikijitetea. Shemeji akasikika akicheka. Kiti kikaburuzwa. Kisha rekodi ikaisha.

Yalikuwa humo humo mfukoni mwangu miezi tisa, na mimi nilikuwa nikizima!

Hawa wamisionari ni watu wa kutii. Wameambiwa tuanze upya. Muuguzi akasimama, na wote wakasimama nyuma yake, hata yule mzee wa usingizi, wakatutazama, wakingoja. Shemeji uso umelowa. Akahesabu hadi nne kwa kichwa.

Nikaingia mapema.

Wakaimba. Mgeni akaongoza bila kipaza sauti, maana fundi alikuwa amekifunga kama nilivyomwagiza. Aliimba vizuri. Naandika hivyo kwa sababu shajara haidanganywi. Watu wote walikuwa wakifuta macho, na mimi machozi yalinitoka kwa mara ya kwanza, nikapiga kinanda bila kuona vibonye, na wakati huohuo nilichukia kila sauti nzuri iliyomtoka yule mwanamke.

Baadaye shemeji alinipeleka nyuma ya jiko, kwenye mitungi ya gesi. Nilitegemea matusi. Akaniambia yeye pia amefiwa. Marehemu ni dada yake, utotoni yeye ndiye aliyembeba mgongoni, na miezi tisa hii nimemfanya ajione jirani tu aliyekuja kutoa pole. Akasema alimpa Mgeni wimbo ili usife. Nikamwomba radhi, kwa dhati. Tulilia kama watoto mpaka mpishi akatuletea chai bila kuombwa. Nikaahidi kwamba wimbo sasa ni wa wote, na Mgeni nitamsaidia kama binti yangu.

Nimebadilika. Nauandika ukurasa huu uwe ushahidi.

Alhamisi, 14 Agosti

Nyumbani. Nyumba ni ileile, ina vyumba vingi kuliko watu.

Mchana Mgeni alibisha hodi na daftari mkononi. Ameombwa aimbe wimbo ule Jumapili kanisani kwetu, mbele ya watu waliomjua marehemu. Akasema wale wa kule walimsikia marehemu mara moja tu, kwenye spika, hawa walimsikia miaka kumi na miwili. Akaniomba nimfundishe mama alikuwa akivutia pumzi wapi, hasa mstari wa mwisho wa ubeti wa tatu, ule mrefu.

Nikamkaribisha. Nikamtengea kiti mezani jikoni. Nikamwambia maneno mazuri, na mengi niliyaamini nilipokuwa nikiyasema.

Mke wangu alivuta pumzi kabla ya mstari, akaenda nao mzima bila kukata. Naujua mstari ule kuliko jina langu. Nikamwambia Mgeni avute baada ya neno la tatu.

Akauliza kama nina hakika, maana panaonekana pabaya. Nikamwambia ndivyo alivyofanya siku zote, siri yake ilikuwa pale. Akaandika kwa kalamu nyekundu, akapigia mstari. Akanishukuru mara tatu. Mlangoni akasema nimekuwa baba kwake.

Jumapili atakatika katikati ya ubeti, mbele ya kanisa zima. Watu watatazamana, watatikisa vichwa, watakuja kunishika mkono mlangoni na kusema kwamba hakuna kama marehemu. Nami nitawajibu kwa unyenyekevu kwamba ni kweli, hakuna.